Jinsi ya kutembelea gereza la chini ya ardhi la Lubiri, Mengo

Wageni wengi wanaofika Kampala hupelekwa Mengo kuiona ikulu ya Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Mwisho wa ziara huteremshwa kwenye handaki la zege lililo ndani ya uwanja wa ikulu, mahali ambapo raia walifungwa, wakateswa na kufa. Wanaingia, wanapiga picha mbili tatu, wanapanda boda, wanaondoka. Wakiulizwa baadaye wameona nini, jibu ni moja: "gereza la Idi Amin."

Jibu hilo halitoshi. Handaki hilo halina kabati za vioo wala vibao vya kumweleza mgeni kila kitu hatua kwa hatua, kama ilivyo kwenye makumbusho mengine. Lina kuta zake, na lina mtu wa kukutembeza. Anayeingia bila maandalizi hutoka na hofu tu, wakati mahali hapa panastahili kueleweka. Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mswahili anayetaka kwenda akajua anachokitazama, awe mkazi wa hapa Kampala au mgeni kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na kwingineko.

Hatua ya kwanza: jua mfuatano wa mambo kabla ya kutoka nyumbani

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na usiiruke.

Lubiri, yaani ikulu ya Mengo, ilianzishwa na Kabaka Mwanga wa Pili mwaka 1885. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Milton Obote akiwa waziri mkuu. Mwaka uliofuata Kabaka Mutesa wa Pili akawa rais wa nchi. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa mfalme wa Buganda na papo hapo rais wa Uganda nzima, huku nguvu za serikali zikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Mambo hayo hayakudumu. Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri watano ndani ya kikao cha baraza, akamwondoa Mutesa kwenye urais na kuifuta katiba. Mwezi Mei bunge la Buganda, Lukiiko, likaitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi likaishambulia Lubiri. Aliyeongoza mashambulizi hayo alikuwa Kanali Idi Amin, kwa amri ya Obote.

Shika tarehe hiyo, maana bila hiyo handaki halieleweki. Mutesa alitoroka, akafika Uingereza, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote za Uganda. Ikulu ikageuzwa kambi ya jeshi. Ni kwa sababu ilikuwa kambi ndiyo ghala la silaha likajengwa humo, na ni ghala hilo lililokuja kugeuzwa gereza.

Amin alimpindua Obote tarehe 25 Januari 1971. Miezi michache baadaye aliurudisha mwili wa Mutesa kutoka Uingereza ukazikwa Kasubi, na Waganda wengi wakamshangilia, ingawa ni yeye aliyeongoza wanajeshi waliomfukuza Kabaka huyo kwenye ikulu yake. Kisha yakafuata yale yanayokumbukwa zaidi. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke nchini. Septemba mwaka huo huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa kwa nguvu kwenye Mahakama Kuu mchana kweupe, na hakurudi. Februari 1977 waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Hao walikuwa watu mashuhuri, ndiyo maana majina yao tunayo. Waliofia kwenye maghala na mahandaki wengi wao hawakuandikwa popote.

Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala baada ya vita vya Kagera. Obote akarudi madarakani Desemba 1980, akakaa hadi Julai 1985, na miaka hiyo pia ilikuwa ya vita, kukamatwa na kupotea kwa watu. Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili akatawazwa tarehe 31 Julai, na Lubiri ikarudi mikononi mwa wenyewe.

Ukiwa na mfuatano huo kichwani, utaliona jambo ambalo wengi hulipita: ukuta wa handaki unamtaja Obote kwa jina. Nitalirudia tukifika ndani.

Hatua ya pili: chagua siku, na chagua wa kwenda naye

Lubiri hutumika pia kwa shughuli kubwa za ufalme. Mwezi Aprili kuna mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, watu maelfu kwa maelfu wakiwa na fulana zao. Tarehe 31 Desemba kuna Enkuuka, tamasha la kuufunga mwaka. Siku hizo uwanja umejaa vipaza sauti na mahema, na si siku za kwenda kusimama kimya mbele ya seli. Siku ya kawaida ya katikati ya wiki ndiyo nzuri, asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla mvua ya mchana haijaanza. Msimu wa mvua njia ya kuteremka huteleza.

Kuhusu wa kwenda naye, fikiri vizuri. Watoto wadogo waache nyumbani. Kijana wa sekondari anayesoma historia anaweza kwenda, ila mweleze mapema atakachokiona na umwambie ana ruhusa ya kubaki nje.

Lipo jambo jingine, nalo nalisema kwa uzito. Waswahili wengi wa Kampala, hasa ndugu zetu Wakongo wa Katwe, Nsambya na Makindye, wamekimbia vita. Wamo waliowahi kufungwa mahali pa giza. Ukiwa unapeleka kikundi cha kanisa, cha msikiti au cha chama, usimlazimishe mtu kuingia na usimuulize mbele ya wenzake kwa nini hataki. Tangaza tangu mwanzo kwamba wapo watakaoingia na wapo watakaokaa kivulini juu, na kwamba zote mbili ni ziara. Mteue mtu mmoja abaki nao, asiwe mwongozaji, awe mtu wanayemfahamu.

Hatua ya tatu: mavazi na vitu vya kubeba

Unakwenda kwenye ikulu ya mfalme, hata kama shida yako ni handaki. Wanaume suruali ndefu na shati. Akina mama na madada, sketi au gauni linalovuka magoti. Aliyevaa suruali aweke kanga au kitenge kwenye mkoba, maana maeneo ya ufalme wa Buganda huweza kumtaka ajifunge. Viatu vya kufunga, visiwe ndala, kwa sababu ya mteremko na sakafu isiyo sawa.

Beba maji, tochi ndogo na kitambulisho. Kitambulisho ni muhimu kwa sababu viingilio vya sehemu kama hizi mara nyingi hutofautiana kati ya raia, watu wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali. Mtanzania au Mkenya asiyeonyesha kitu anaweza kutozwa kama mgeni wa mbali. Fedha taslimu za shilingi ziwe ndogo ndogo.

Hatua ya nne: anzia Bulange, umalizie kwa miguu

Kutoka katikati ya mji, boda atakufikisha haraka ukimwambia "Bulange, Mengo." Anayetaka nafuu aende Old Taxi Park akaulizie taksi za Mengo. Taksi hapa ni zile gari za abiria kumi na wanne ambazo Mkenya anaziita matatu na Mtanzania daladala.

Shuka Bulange, usishukie Lubiri. Bulange ni jengo la bunge la Buganda, na kutoka hapo hadi lango la ikulu kuna barabara moja iliyonyooka, Kabaka Anjagala, ya karibu maili moja. Itembee. Kandoni utaona alama za koo za Waganda, kila ukoo na mnyama wake au mmea wake. Katikati kuna mzunguko wa Nantawetwa, wenye malango yanayofunguliwa kwa Kabaka peke yake ili apite moja kwa moja. Sisi wengine na magari yetu huzunguka.

Matembezi hayo yana kazi. Ukitembea kutoka bungeni hadi ikuluni kwa mstari mmoja, unaelewa kwa miguu yako kwamba mwaka 1966 jeshi halikushambulia nyumba ya mtu, lilishambulia moyo wa dola nzima. Anayeshushwa na gari langoni halioni hilo.

Hatua ya tano: langoni

Msalimie mlinzi kwanza. Kwa Waganda salamu haiharakishwi: unamwita ssebo akiwa mwanamume, nnyabo akiwa mwanamke, mnajuliana hali, halafu ndipo unasema shida yako. Ulizia kiingilio, ulizia kama bei ni pamoja na mwongozaji, lipa, chukua risiti. Usifuate mtu aliyekudaka nje akakuambia atakupitisha kwa bei nafuu.

Kisha ulizia lugha. Waongozaji wengi hueleza kwa Kiingereza na Kiluganda. Anayejua Kiswahili hupatikana, ila si kila siku, kwa hiyo kama kuna mwenzako anayemudu Kiingereza au Kiluganda mwombe akae karibu awatafsirie wengine kwa sauti ya chini.

Na hapa niseme wazi jambo linalotuhusu. Kwa Waganda wengi wenye umri, Kiswahili ndicho walichokisikia kwenye vizuizi vya barabarani, askari akidai vitambulisho na saa za mkononi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na jeshi lake lilikitumia. Leo mambo yamebadilika, Kiswahili kimo ndani ya katiba tangu marekebisho ya 2005 na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifanywe lugha rasmi, vijana wanakisoma shuleni. Hata hivyo, ukiwa Lubiri, ukamwona mzee amenyamaza uliposema naye Kiswahili kwa sauti kubwa, usidhani ni kiburi. Msalimie kwa Kiluganda kidogo ulichonacho, punguza sauti, mwambie umekuja kujifunza. Nimeona uso wa mzee ukifunguka kwa "mwasuze mutya ssebo" moja tu ya asubuhi.

Hatua ya sita: ndani

Utaanza juu. Jengo kubwa linaloonekana ni Twekobe, nyumba ya Kabaka, nalo hutazamwa kwa nje tu. Utaonyeshwa pia mabaki ya gari la kifahari la Kabaka lililoharibiwa. Uwanjani kuna watu wanaishi, wana bustani za migomba na kuku wao. Wasalimie, usiwapige picha kana kwamba ni sehemu ya maonyesho.

Njia inateremka hadi kwenye mdomo wa handaki, umechimbwa ndani ya kilima. Kabla ya kuingia simama umwulize mwongozaji swali hili: "Lilijengwa lini na kwa kazi gani?" Atakusimulia kwamba Waisraeli walilijenga kwa ajili ya silaha. Wakati huo Israeli ilikuwa rafiki wa jeshi la Uganda, hadi Amin alipowafukuza mwaka 1972. Swali hilo ni zuri kwa sababu linakuonyesha kwamba mahali hapa hapakujengwa kuwa gereza. Seli zake hazikupimwa kwa mwili wa binadamu, zilipimwa kwa masanduku ya risasi. Hakuna dirisha, hakuna shimo la choo, hakuna pa kupitisha upepo. Kuta nene za kuzuia mlipuko usitoke nje ndizo hizo hizo zilizozuia hewa isiingie ndani.

Ukiingia, acha macho yazoee giza kwanza. Kuna ujia mrefu, na seli ziko kando ya ujia huo, sakafu zake zimeinuka kuliko njia unayokanyaga. Tazama tofauti hiyo ya urefu. Waongozaji husimulia kwamba ujia ulijazwa maji na maji yakapitishiwa umeme, ili aliyetaka kutoka kwenye seli afe kabla hajafika mlangoni. Sasa elekeza tochi kwenye ukingo wa sakafu ya seli moja, uone palipo na maji na palipo na watu: ni hatua moja ya mguu. Watu walibanana hapo juu gizani, na wengi, kwa masimulizi, waliuawa na joto, njaa na kukosa pumzi kabla hata umeme haujawagusa.

Kisha kuta. Kuna alama za viganja. Kuna maandishi ya mkaa, na mengine yanasemwa yaliandikwa kwa damu. Mawili hutajwa zaidi. La kwanza linamlilia Obote: umeniua mimi, je, watoto wangu? La pili ni la mwanamke anayesema hatasahau kwamba mumewe aliuawa hapa Mengo. Yasome taratibu, kisha jiulize nani aliandika na lini. La kwanza linamtaja Obote, si Amin, na ndiyo maana nilikuomba ushike mfuatano wa miaka. La pili halielekei kuwa la mfungwa aliyefia humo, yamkini ni la mjane aliyekuja baadaye, akateremka njia ile ile uliyoteremka wewe, akatafuta mahali pa kuandika kwa kuwa hakuwa na kaburi. Kwa hiyo ukuta huo una sauti za waliokufa na sauti za waliobaki, zimekaa pamoja. Tafadhali usiongeze yako. Wapo wageni walioandika majina yao na ya wapenzi wao, na kila jina la namna hiyo linafunika kitu.

Usiguse alama za viganja, hata kama wengine wanapimisha mikono yao. Picha piga baada ya kuomba ruhusa, na usijipige mwenyewe ukitabasamu ndani ya seli. Kama kuna familia imekuja kwa ajili ya mtu wao, toka uwapishe.

Muda wa kukaa ndani ni wa kila mtu. Kifua kikibana, toka bila kuaga, hewa iko hatua chache.

Hatua ya saba: sikiliza idadi kwa uangalifu

Utatajiwa hesabu ya waliofia humo, pengine laki na zaidi. Ichukue kama masimulizi, maana daftari la wafungwa wa handaki hili halipo. Makadirio yanayojulikana ni ya nchi nzima: Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria waliouawa wakati wa Amin kuwa si chini ya 80,000, na kwamba yamkini walikaribia 300,000. Wengine walitaja hadi 500,000. Upana wa makadirio hayo unatokana na jinsi mauaji yalivyofanywa: watu walitiwa kwenye buti za magari usiku, miili ikatupwa mtoni na misituni, na ndugu waliogopa hata kuuliza. Mengo hapakuwa mahali pekee pia. Kulikuwa na gereza la kijeshi la Makindye, kulikuwa na makao ya State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, pale Nakasero, kulikuwa na kikosi cha polisi cha Public Safety Unit pale Naguru. Mwulize mwongozaji analijuaje analolisema. Aliye mzuri hatakasirika, atakuambia lipi alilisikia kwa wazee na lipi limeandikwa.

Hatua ya nane: ukitoka

Usipange jambo jingine zito mara moja. Kaa kwenye nyasi, kunywa maji, mpe mwongozaji asante yake kama amekutendea vema.

Mwenye nguvu anaweza kwenda kwa miguu hadi Nyanja ya Kabaka, yaani ziwa la Kabaka, iliyochimbwa kwa mikono ya watu wa kulazimishwa miaka ya 1880 kwa amri ya Mwanga. Ni vema kuiona siku hiyo hiyo, ili usije ukadhani mateso ya raia Mengo yalianza na wanajeshi. Siku nyingine nenda makaburi ya Kasubi alikozikwa Mutesa, na Makumbusho ya Uganda kule Kitante. Mtanzania akirudi kwao apite Kaboya, mkoani Kagera, walikozikwa askari wa vita vile vya 1978 na 1979. Majengo ya usalama ya Nakasero na gereza la Luzira usiyasogelee na kamera. Luzira bado ni gereza lenye wafungwa.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyeishi Kampala miaka hiyo, mtembelee ndani ya wiki hiyo hiyo, wakati maswali bado yako moto. Mwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu. Anza na vitu vyepesi: alikaa mtaa gani, alifanya kazi gani, sukari ilipatikana wapi. Akifika kwenye habari ya mtu aliyepotea, usimkatize na usimsahihishe tarehe. Mwombe akutajie jina kamili, kijiji na siku aliyoonekana mwisho, uandike kwenye daftari papo hapo, umsomee akusahihishe mwenyewe. Nakala ya sauti wape wanawe.